Mji Una Saa Yake ya Kula

Ndugu wasafiri, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kula vizuri katika mji wa ugenini, na naona kalamu nyingi ziko tayari zikisubiri majina ya migahawa. Sitataja hata mmoja. Migahawa hufungwa, wapishi huhama, na pale palipokuwa na chakula kitamu mwaka juzi leo huenda panauzwa simu. Nilichokuja nacho ni jambo moja ninaloliamini kabisa baada ya miaka mingi ya kula katika miji ya watu: mgeni anayejua wenyeji wanakula saa ngapi, na siku gani wanakula nini, hula vizuri kuliko mgeni aliyebeba jina la mgahawa maarufu. Sote huuliza tule wapi. Nawaomba kwanza muulize watu wa hapa hula lini.

Niuanze mji wa Madrid, maana huko wageni hupata tabu kweli. Mgeni anabanwa na njaa saa sita mchana, anatoka hotelini, anakuta majiko ya maana hayajawashwa. Anazunguka, anachoka, mwisho anaingia mahali penye picha za vyakula mlangoni, panapouza kila kitu saa zote. Analetewa wali uliopashwa moto, analipa pesa nyingi, anaondoka akiamini kuwa Wahispania hawajui kupika. Wenyeji hula mlo wao mkubwa kati ya saa nane mchana na saa kumi alasiri, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa tatu.

Msidhani ni uvivu wa watu wa joto. Mwaka 1940, chini ya utawala wa Jenerali Franco, Hispania ilisogeza saa zake mbele kwa saa moja, zikalingana na za Ujerumani, na mpango huo haukuondolewa hadi leo. Tazameni ramani: Madrid iko magharibi ya London, lakini inafuata saa za Berlin. Wakati wa kiangazi, saa ya ukutani ikisema ni saa nane mchana, jua ndiyo kwanza linafika utosini. Ziko sababu nyingine pia, za kazi na za joto, ila kwa sehemu kubwa Mhispania anakula adhuhuri kama watu wengine; ni saa yake tu iliyotangulia.

Sasa mgeni aliyevumilia mpaka saa nane anakuta nini? Siku za kazi, migahawa ya kawaida ya mitaani huandika ubaoni mlo wa siku kwa bei moja: sahani ya kwanza, labda dengu au supu, sahani ya pili, samaki au nyama, mkate, kinywaji, kisha tunda, kitamutamu au kahawa. Mtindo huo una mizizi katika miaka ya 1960, serikali ilipoiagiza migahawa iwe na mlo wa bei nafuu kwa ajili ya watalii. Leo wanaoujaza ni makarani, mafundi na madereva, na watalii wengi hawajui kama upo kwa sababu wakati unapotolewa wao wameshashiba vibaya. Jioni mpishi ni yuleyule na jiko ni lilelile, lakini bei si ile tena.

Hili la bei si la Madrid peke yake. Tokyo, migahawa ambayo usiku mtu wa kipato cha kawaida hathubutu kuuliza bei, mchana huuza seti ya wali, supu ya miso, kachumbari na kitoweo kwa pesa ya kawaida kabisa. Paris hali kadhalika: chakula cha mchana cha bei moja kipo ubaoni kuanzia saa sita, na ukifika saa nane unusu unaambiwa kwa adabu kuwa jiko limefungwa. Kwa hiyo kama una pesa ya mlo mmoja mzuri tu kwa siku, ule mchana. Usiku kula kitu kidogo.

Kuna vyakula ambavyo saa yake si suala la bei, ni suala la chakula chenyewe. Hanoi ni mji wa asubuhi. Bakuli la pho, tambi za mchele katika mchuzi wa ng'ombe, kwa desturi ya huko hunywewa asubuhi na mapema, na ukitazama kazi yake utajua kwa nini. Mifupa huchemshwa taratibu saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, pamoja na badiani, mdalasini, na tangawizi na vitunguu vilivyounguzwa kwanza motoni. Alfajiri mchuzi uko kwenye kilele chake. Wauzaji wengi wa namna ya zamani hupika sufuria moja kubwa; ikiisha wanaosha vyombo na kwenda kulala, pengine saa nne asubuhi. Mgeni anayekula mkate na yai hotelini hadi saa tatu, kisha akaenda makumbusho, kisha akatafuta pho saa saba, atapata pho, lakini hatapata ile. Mchana Hanoi hugeuka harufu: njia zinajaa moshi wa mkaa wa bun cha, nyama ya nguruwe iliyochomwa na kuliwa na tambi baridi na majani mabichi. Asiyekula nguruwe ajue hilo kabla hajakaa. Watu hukaa kwenye vile viti vidogo vya plastiki, magoti karibu na kidevu, na hakuna anayeona aibu. Mei 2016 Rais Barack Obama alikula bun cha Hanoi kwenye kiti cha namna hiyo, akiwa na mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain. Kama rais wa Marekani alikaa, na sisi tutakaa.

Munich nako wana soseji nyeupe ya nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, ambayo wazee wa pale husema haitakiwi kusikia kengele za kanisa za saa sita mchana. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni ushirikina, kumbe ni busara ya jikoni. Soseji hiyo haikaushwi wala haiwekwi dawa ya kuihifadhi. Zamani ambapo hapakuwa na friji, iliyotengenezwa alfajiri ilikuwa imeanza kuharibika mchana. Friji zimekuja, kawaida imebaki. Anayeiagiza saa mbili usiku huonekana mgeni kabla hajafungua mdomo.

Istanbul ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo. Katika mitaa ya kazi, karibu na masoko na karakana, kuna migahawa ambayo Waturuki huiita esnaf lokantası, migahawa ya mafundi na wenye maduka. Vyakula vimepikwa tangu asubuhi, vimepangwa kwenye trei za moto nyuma ya kioo: bilinganya zilizojazwa nyama ya kusaga, maharage meupe kwenye mchuzi wa nyanya, kondoo aliyepikwa mpaka anaachia mfupa, pilau, supu ya dengu. Hakuna haja ya menyu wala ya kujua Kituruki. Unasimama mbele ya kioo, unanyoosha kidole, mpishi anapakua, na ukisita anakuonjesha. Wapishi hawa wanawapikia watu walewale siku zote za wiki, watu wanaojua ladha ya mama zao na watakaosema wazi chumvi ikizidi. Hakuna mkaguzi wa chakula mkali kuliko fundi viatu aliyekula hapo miaka 20.

Lakini mfike kabla ya saa saba. Wenye maduka hula saa sita na kitu, na kilicho bora hakipikwi mara ya pili. Saa tisa utakuta trei zenye mabaki ya pembeni tu, na mpishi atakuonea huruma lakini hana la kufanya. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na sijaona pahali msemo huo unapotimia kila siku kama mbele ya kile kioo.

Hapo tumegusa jambo ambalo najua linawasumbua wengi, hasa mnaosafiri na watoto: tutaumwa matumbo? Jibu langu linarudi kwenye saa. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka upesi. Wali ni wa kuangaliwa zaidi, maana kuna bakteria ambaye chembe zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe juu ya meza, huamka na kutoa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Sasa pimeni wenyewe. Kibanda chenye foleni saa ya wenyeji kinatoa chakula dakika chache baada ya kuiva, kwa sababu watu hawakipi nafasi ya kupoa. Mahali patupu saa tisa alasiri, hata pakiwa na vitambaa vyeupe, chakula kimekuwa kikisubiri mtu. Mimi huogopa zaidi trei ya bafe ya hoteli iliyokaa tangu asubuhi juu ya mshumaa unaokaribia kuzima kuliko kikaango cha mtaani kinachotoa moshi mbele ya macho yangu. Maji kunyweni ya chupa iliyofungwa pale ambapo wenyeji wenyewe hawanywi ya bomba, barafu mwiulizie, na matunda myamenye kwa mikono yenu iliyooshwa. Mwenye mzio wa karanga, samakigamba au kitu kingine chochote asitegemee ishara za mikono. Aandikiwe kikaratasi kwa lugha ya pale kabla hajaondoka kwake, akionyeshe jikoni, si kwa mhudumu peke yake.

Baada ya saa, kuna siku. Wageni wengi hawajui kwamba miji ina siku za vyakula.

Roma, kwa desturi, Alhamisi ni ya gnocchi, vile vidonge laini vya viazi. Ijumaa ni ya samaki, kwa sababu Kanisa Katoliki lilikataza nyama siku hiyo. Jumamosi ni ya matumbo ya ng'ombe kwenye mchuzi wa nyanya na jibini. Hilo la Jumamosi lina mtaa wake. Testaccio palikuwa na machinjio makubwa ya mji, yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kufungwa mwaka 1975. Wachinjaji walikuwa wakipata sehemu ya ujira wao kwa vile ambavyo matajiri hawakuvitaka: matumbo, mkia, ulimi, moyo. Wake zao na wenye vilabu vya jirani wakavigeuza kuwa vyakula ambavyo leo watu husafiri kutoka mbali kuvifuata. Ukila mkia wa ng'ombe Testaccio unakula historia ya wafanyakazi wale, na nadhani tunawiwa kula kwa heshima.

Morocco, Ijumaa ni ya kuskusi, zile chembe ndogo za unga wa ngano zinazopikwa kwa mvuke. Watu wakitoka msikitini mchana, familia hukusanyika kwenye sinia moja, na migahawa mingi midogo hupika kuskusi siku hiyo tu. Mwenye Ijumaa moja Fez au Marrakech asiitumie kwenye basi. Marrakech pia wana tanjia: nyama na viungo ndani ya chungu kirefu, chungu kikapelekwa kwenye tanuru linalochemshia maji ya hamamu, kikazikwa kwenye majivu ya moto kwa saa nyingi. Huwezi kuiharakisha. Kuleni siku mliyoambiwa iko tayari.

Mexico City wana tamale za asubuhi, madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani, na uji wa mahindi kwenye kona za barabara, mlo mkubwa wa bei moja kati ya saa nane na saa kumi, na usiku mishikaki mikubwa ya wima inayokatwa nyama ya taco za al pastor, vichapati vya mahindi vyenye nyama, ufundi ulioanzia kwa wahamiaji kutoka Lebanon, ila nyama ya Mexico ni ya nguruwe. Mwisho wa wiki asubuhi huja barbacoa, kondoo aliyelala usiku kucha shimoni akiwa amefunikwa majani ya mmea wa jamii ya mkonge. Jumanne usimtafute.

Addis Ababa nataka niitaje kwa mapenzi. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai. Mgeni anayesikia habari hiyo hufikiri mji utakuwa na njaa. Ni kinyume chake. Siku hizo hata migahawa ya nyama huleta injera kubwa, ule mkate mpana na laini kama chapati, iliyopambwa: dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, shiro ya unga wa njegere laini kama siagi, mboga za majani, kabichi na karoti, viazisukari vyekundu, kila kimoja na rangi yake. Karne nyingi za kufunga zimewafundisha wapishi wa Ethiopia kuipa dengu heshima ambayo kwingine hupewa nyama. Asiyekula nyama, popote alipo duniani, hatapata mji mwema kuliko Addis siku ya Jumatano. Kwa mkono wa kulia tafadhali, na mwenyeji akikutengenezea tonge akakulisha, fungua mdomo, ni upendo.

Na kuna mwezi mzima wenye saa yake. Ukifika Cairo katika Ramadhani, mchana mji utakuwa kimya na migahawa mingi imefunga; usilalamike, na usile ukitembea barabarani mbele ya waliofunga. Subiri Magharibi. Cairo hupanga meza ndefu mitaani, zinazogharamiwa na watu wenye kujitolea, na yeyote apitaye hukaribishwa kukaa, awe tajiri, maskini, mzaliwa au mgeni. Sikumbuki mlo wa mgahawa wowote ulionigusa kama kukaa kwenye meza ya namna hiyo nikisubiri adhana na tende mkononi, kati ya watu nisiowajua.

Kuhusu kulipa nitapita haraka. Japani msiache bakshishi. Mhudumu atawakimbiza kuwarudishia. Marekani mshahara wa mhudumu hutegemea bakshishi, na asilimia 15 hadi 20 ni kawaida, kwa hiyo iwekeni kwenye hesabu kabla ya kuagiza. Ufaransa huduma imo ndani ya bei iliyoandikwa, na jagi la maji ya bomba mkiwa mnakula ni bure mkiliomba. Italia, katika miji mingi, kuna tozo ndogo ya kila kichwa kwa ajili ya meza na mkate. Si wizi, hutakiwa kuandikwa kwenye menyu, isomeni.

Kalenda nayo muitazame kabla ya kukata tiketi. Paris, Jumapili na Jumatatu migahawa mingi hufunga, na Agosti wapishi wa Paris na wa Madrid huenda likizo na kubandika karatasi mlangoni. Mtu akinieleza kuwa alikwenda Agosti akala vibaya, simshangai.

Sasa nijibu pingamizi ambalo ni la haki. Mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri saa tatu usiku. Mwenye kisukari hawezi kuruka mlo ili alingane na mji. Huyo azungumze na daktari wake kabla ya safari kuhusu saa za dawa, na abebe kitu cha kula mfukoni kila siku, awe mji gani. Wazee wengine tumbo lao limezoea saa zake na halibembelezwi. Kwa watu hawa nasema kitu kimoja: chagueni mji unaokula mchana kutwa.

Singapore ni mji huo. Wachuuzi wa chakula waliokuwa wametapakaa barabarani, kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwahamishia kwenye majengo yenye maji ya bomba, mifereji na meza za pamoja. Desemba 2020 UNESCO iliutambua utamaduni wa majengo hayo kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2016 kibanda kimoja cha kuku wa mchuzi wa soya kilipata nyota ya Michelin, kitabu maarufu kinachopima ubora wa migahawa, sahani yake ikiuzwa kwa dola chache za Singapore. Chini ya paa moja mnapata Wachina, Wamalay na Wahindi, kila mmoja na sufuria yake. Mtoto akiwa na njaa saa kumi na moja jioni atakula tambi, bibi atapata uji wa mchele, na wewe utapata roti na mchuzi. Mkiona pakiti ndogo ya karatasi za kujipangusia imewekwa juu ya meza tupu, msikae, meza ina mwenyewe aliyekwenda kwenye foleni. Wanaokula halali watafute cheti kilichobandikwa mbele ya kibanda. Mkimaliza, rudisheni trei wenyewe. Tangu 2021 asiyerudisha anaweza kutozwa faini. Na angalieni rafu mnayoiwekea, kwa maana rafu ya vyombo vya halali na ile nyingine zimetengwa.

Asanteni kwa kunisikiliza.